Fremu za dhahabu kwenye milango ya vioo: kwa nini rangi ilibanduka, na namna ya kuipaka ikakaa

Swali: Shikamoo fundi. Kabati letu la nguo limejengwa ukutani na lina milango miwili mikubwa ya vioo inayopishana kwenye reli. Vioo ni vizima kabisa, ila fremu zake ni za rangi ya dhahabu, ile iliyopendwa miaka ya 1980, na mimi imenichosha. Mwaka jana nilijaribu mlango mmoja kwa rangi nyeusi ya maji iliyobaki tulipopaka ukuta. Wiki ya tatu ikaanza kubanduka pale tunaposhika, ikitoka vipande virefu kama ganda la yai la kuchemsha, na chini yake dhahabu inang'aa vilevile. Mume wangu anasema tununue milango mipya. Je, fremu hizi zinapakika? Lazima niishushe milango? Na reli ya chini niipake?

Marahaba, mwanangu. Zinapakika, na mwambie mumeo asubiri kidogo kabla ya kutoa pochi. Jibu karibu lote umeliandika mwenyewe: rangi ilitoka vipande virefu, na chini yake dhahabu ilikuwa inang'aa vilevile. Rangi mbovu haibanduki hivyo. Rangi mbovu hupauka, hutoa unga ukiipangusa, au huchubuka juu huku chini ikibaki imeganda. Ikitoka nzima kama ganda na kuacha uso safi, ujue rangi ilishikana yenyewe kwa yenyewe vizuri tu, lakini fremu haikuishika hata siku moja. Fremu ilikuwa imevalishwa shati, haikupakwa.

Watu wengi hudhani wanapaka chuma. Unachopaka ni ngozi iliyo juu ya chuma, na ngozi hiyo ilitengenezwa kiwandani makusudi ili kitu kisiing'ang'anie: jasho lisiishike, vumbi lisiishike, uchafu ufutike kwa kitambaa. Rangi yako nayo ikakutana na mlango uliofungwa. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, ijue ngozi hiyo ni ya aina gani.

Chukua sumaku, hata ile ya kubandika kwenye friji. Iguse kwenye fremu ya pembeni, kisha ya juu, kisha ya chini, maana si ajabu vipande hivyo vikawa vya aina mbili tofauti. Sumaku ikinasa, hicho ni chuma kilichovikwa shaba ya njano au kilichopakwa rangi ya dhahabu. Isiponasa, na fremu ukiigonga kwa kucha inalia kidogo na ukiigusa ni baridi, karibu hakika ni alumini. Isiponasa, haina ubaridi na inalia bubu, hiyo ni plastiki iliyopambwa. Shaba tupu yote kwa yote kwenye mlango wa kabati ni nadra, ingawa kila mtu hupenda kuamini ya kwake ndiyo.

Kisha, kama si plastiki, lowesha pamba kwa asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na usugue kidogo upande wa nyuma wa fremu pasipoonekana. Pamba ikinata au ikitoka na rangi, kuna vanishi au rangi ya kiwandani juu. Isipobadilika chochote na umeshajua ni alumini, hiyo imeanodishwa.

Kwa maelezo yako, na kwa umri wa milango, mimi naweka dau kwenye alumini iliyoanodishwa. Kazi hiyo hufanywa hivi: alumini inatumbukizwa kwenye tindikali na kupitishiwa umeme, uso wake unageuka oksidi ya alumini yenye vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, rangi ya dhahabu inaingizwa ndani ya vitundu hivyo, kisha vitundu vinazibwa. Tabaka lenyewe ni jembamba, kwa mapambo ya ndani ya nyumba ni maikroni chache tu (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), lakini ni gumu. Msasa mwingi tunaonunua umetengenezwa kwa oksidi hiyohiyo ya alumini, kwa hiyo ukisugua na kuona kama unasuguanisha jiwe kwa jiwe, hujakosea sana. Rangi hutafuta mahali pa kuingiza kucha zake. Hapa kila kitundu kimezibwa.

Sasa, wengine watakwambia uisugue ngozi hiyo mpaka iishe, uone alumini nyeupe. Usifanye. Kwanza utachoka. Pili, ngozi hiyo ni kinga nzuri kuliko yoyote utakayoiweka wewe. Tatu, alumini iliyo uchi ikikutana na hewa hujivika oksidi nyingine papo hapo, dhaifu na isiyo sawasawa. Unachotaka ni kuichana ngozi, kuiondolea mng'ao na kuipa makwaruzo madogo ya kushikia. Basi.

Kabla ya hapo kuna kazi ya kuondoa makosa ya mwaka jana. Usipake juu ya rangi ile, hata sehemu zinazoonekana bado zimeshika. Zimekaa tu kwa sababu hakuna mtu aliyezigusa. Vua maganda kwa vidole na kipande cha plastiki kigumu, kadi ya zamani inafaa. Yaliyobaki yalowekee spiriti kwa kitambaa kwa dakika chache. Rangi ya maji hulainika kwa spiriti na kukunjika yenyewe. Usinunue dawa kali ya kubabua rangi. Hiyo ikichuruzika na kuingia kwenye mfereji wa fremu itafika kwenye ukingo wa kioo, na huko ndiko kioo kilikoweka roho yake.

Nieleze hili, kwa sababu watu huharibu vioo vizima wakishughulikia fremu. Kioo cha kujitazamia ni bapa la kioo cha kawaida lenye utando wa fedha kwa nyuma, na nyuma ya fedha kuna rangi ya kuilinda. Kupaka kioo fedha kwa kemia kulianzishwa na Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835, na wazo halijabadilika sana tangu hapo. Mgongo wa kioo umefunikwa vizuri, lakini ukingoni, pale kilipokatwa, fedha imebaki inachungulia. Maji yenye amonia, tina ya kupunguzia rangi na tindikali vikiingia hapo, fedha huliwa na kuacha doa jeusi linalotambaa kwenda ndani. Ndiyo maana vioo vya kabati huanza kuwa vyeusi upande wa chini: mtu anapulizia dawa ya vioo, inateremka, inatuama kwenye mfereji wa fremu. Kuanzia leo pulizia dawa kwenye kitambaa, si kwenye kioo. Na kama tayari kuna weusi ukingoni, rangi ya fremu haitauponya.

Rangi ya zamani ikishatoka, osha fremu yote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kitambaa kikiwa kimekamuliwa vizuri. Suuza kwa kitambaa cha maji matupu. Ikauke. Halafu pitisha spiriti kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, ukigeuza upande safi kila baada ya hatua moja. Usiruke hatua hii kwa kuwa fremu inaonekana safi. Miaka yote hiyo imeguswa na mikono yenye mafuta ya kujipaka, na huenda kuna mtu aliipulizia dawa ya kung'arishia samani. Dawa nyingi za aina hiyo zina silikoni, na silikoni ikibaki, rangi hukimbia na kuacha vidoa vya mviringo kama macho ya samaki. Ukisugua msasa kabla ya kuosha, unayasukuma mafuta hayo ndani ya makwaruzo unayoyatengeneza. Osha kwanza, sugua baadaye, futa tena.

Kusugua kwenyewe: msasa namba 320 kwa alumini, au 220 kama mng'ao ni mkaidi. Pedi ya kusugulia ya rangi ya damu ya mzee, ile ya mafundi wa magari, ni nzuri zaidi kwa fremu yenye mikunjo kwa sababu inafuata umbo. Msasa mkavu ukikunjwa hupita juu ya migongo na kuacha mabonde yaking'aa. Chomeka kipande cha kadi ngumu kati ya mkono wako na kioo unaposugua karibu nacho; punje moja ya msasa itaacha mkwaruzo kwenye kioo ambao utautazama kila asubuhi ukivaa. Umemaliza pale fremu yote inapokuwa na ukungu sawasawa. Iangalie kwa tochi iliyolazwa ubavuni: popote panapong'aa ndipo patakapobanduka.

Kama sumaku ilinasa, kazi inabadilika kidogo. Chuma kilichovikwa shaba huwa na vanishi juu, na vanishi ikishatoboka utaona madoa ya kahawia, wakati mwingine kutu imevimba kwa chini. Vanishi inayobabuka iondoe yote, kutu isugue mpaka uone chuma cheupe, na siku hiyohiyo weka praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia, ya kuzuia kutu yenye fosfeti ya zinki. Usilale nayo wazi. Kama chini ya mkwaruzo unaona bati la kijivu lenye maua maua, hilo ni chuma kilichochovywa zinki, na hapo usiweke rangi ya mafuta moja kwa moja: mafuta yake hupigana na zinki, yanageuka sabuni taratibu katikati yao, na baada ya miezi rangi inateleza na kutoka. Plastiki nayo ina taratibu zake. Osha, sugua kwa wepesi, tumia praima iliyoandikwa plastiki, na asetoni iweke mbali.

Praima ndiyo inayobeba kazi nzima. Kama fedha zako zinatosha kitu kimoja kizuri, chagua praima nzuri na rangi ya kawaida juu, si kinyume chake. Dukani utaonyeshwa praima ya kung'ata, yenye tindikali ya fosforiki, na muuzaji atasema ndiyo ya alumini. Hakukosea, ila hiyo inang'ata alumini iliyo uchi. Kwenye ngozi iliyoanodishwa tindikali yake haina cha kuuma. Wewe tafuta praima ya kushikisha: soma kopo, na kama imeandikwa kwamba inashika kwenye vigae na kioo bila kusuguliwa sana, hiyo ndiyo yako. Kitu kinachoshika kigae kitashika fremu yako. Praima ya epoksi ya kuchanganya makopo mawili ni imara zaidi ya zote, lakini inataka vipimo, glovu, hewa nyingi na uvumilivu, nami kwa kabati la chumbani naiona ni kumwinda panya kwa mkuki.

Ukishainunua, usianze na mlango. Paka kipande cha urefu wa kiganja upande wa nyuma wa fremu, praima na rangi ya juu yake kama utakavyofanya kwingine. Subiri wiki. Kisha chukua wembe mpya, chora mistari sita ya kwenda chini na sita ya kukatiza, ukiachanisha milimita 2, upate vyumba vidogo kama draftsi. Bandika tepu inayonata sana juu yake, ikandamize kwa kucha, ivute kwa pamoja. Maabara za rangi hupima hivihivi, kipimo chao kinaitwa ISO 2409 na kinatoa alama kutoka 0, ambayo ni nzuri kabisa, hadi 5. Vyumba vikibaki vyote, endelea. Vikitoka vichache kwenye kona za mikato, endelea lakini sugua zaidi. Vikitoka nusu, umejiokoa na mlango mzima. Wiki moja ya kungoja inaudhi, najua. Miezi ya kutazama maganda inaudhi zaidi, nawe umeshaionja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo karibu kila mtu hulikosa, na ambalo mimi mwenyewe nilijifunza kwa aibu. Zamani nilipaka milango kama yako kwa mwenye nyumba mmoja mwenye macho makali. Nilifunika vioo kwa tepu mpaka ukingoni kabisa, nikapuliza rangi nyeusi, nikavua tepu, mstari umenyooka kama uzi wa maji. Nikasimama mbele ya mlango nikajipongeza. Yeye akasimama pembeni, akaniita, akasema: "Mbona hapa kuna dhahabu?" Nikatazama alipokuwa. Kando ya fremu nyeusi kulikuwa na mstari mwembamba wa dhahabu, kutoka juu hadi chini, ndani ya kioo.

Fremu inakalia kioo, na kioo kinaitazama fremu kutoka upande ambao wewe huuoni. Gusa kioo kwa ncha ya kalamu utaona: ncha ya kalamu na taswira yake hazikutani, kuna nafasi kati yake, kwa sababu fedha haiko mbele ya kioo, iko nyuma. Kupitia nafasi hiyo, mtu aliyesimama pembeni anaona ubavu wa ndani wa fremu mara mbili, na anaona hata tumbo lake, pale linapolalia kioo. Ukipaka uso tu, kioo kitakusema.

Ubavu wa ndani hauna udhuru, lazima upakwe mpaka uguse kioo. Ndiyo maana sibandiki tepu kufika kwenye fremu. Naiacha tepu nyuma kidogo, kama milimita moja au mbili, ili rangi ipande juu ya kioo kwa unyembamba huo, nikitumia brashi ndogo ya msanii yenye rangi kidogo sana. Usiijaze pembe hiyo. Rangi nyingi hunywewa na ufa na kwenda kwenye ukingo wa fedha. Baada ya siku moja, rangi ikiwa imekauka lakini haijawa ngumu kama mfupa, kata kwa ncha ya wembe mpya pale rangi inapotoka kwenye fremu kuingia kwenye kioo. Ukishakata, lowesha kioo kwa maji yenye tone la sabuni, laza wembe, sukuma kwenda mbele tu. Usiuvute kurudi, kwa maana punje iliyonaswa chini yake itachora. Ukibandua bila kukata kwanza, utavuta na rangi ya fremu.

Tumbo la fremu ni habari nyingine. Angalia kama kioo kimevalishwa raba ukingoni. Kama ipo, kwenye kioo utaona rangi ya raba, nyeusi au kijivu, na huna tatizo. Kama haipo, na chuma kinalala moja kwa moja juu ya kioo, mstari mwembamba wa dhahabu utabaki, na brashi haiwezi kufika. Dawa yake ni kufungua fremu. Fremu nyingi za alumini zimefungwa kwa skrubu kwenye kona, na kioo hutoka kikiwa na raba yake. Lakini kioo kikubwa kisicho na fremu kinapinda na kuvunjika kwa kosa dogo, kwa hiyo kama hujawahi kukifanya usijifunzie hapo. Dawa ya pili, ambayo ndiyo naipenda, ni kuchagua rangi inayoelewana na dhahabu: kahawia ya shaba iliyozeeka, kahawia ya kahawa, au rangi ya mchanga iliyokolea. Kando ya rangi hizo mstari wa dhahabu unaonekana kama kivuli. Kando ya nyeusi au nyeupe unapiga kelele.

Hilo linanileta kwenye rangi nyeusi uliyoichagua. Ni nzuri na sikukatazi, hasa kama raba ipo. Ila jua kwamba nyeusi isiyong'aa kabisa huonyesha kila alama ya kidole, na ukiisugua ili kuifuta unaipa mng'ao mahali hapo tu, ikabaki na kiraka. Chukua yenye mng'ao wa nusu. Inafutika na haisemi sana makosa ya mkono. Rangi za kopo zenye unga wa chuma, za kuigiza nikeli au kromu, zinavutia kwenye picha, lakini nyingi ni laini na huchujuka pale mlango unaposhikwa. Hizo waachie vishikio vya mapambo.

Kuhusu kuishusha milango. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita moja ya mraba kwa kila milimita ya unene. Mlango wa mita 1.2 kwa mita 2.4 wenye kioo cha milimita 4 una karibu kilo 29 za kioo peke yake, hapo fremu haijahesabiwa. Si mzigo wa kutisha kwa watu wawili, ni mzigo wa kijinga kwa mtu mmoja. Kama mna watu wawili, ishusheni. Utaufikia ubavu wote wa fremu, pamoja na ule unaojificha mlango mmoja unapopita nyuma ya mwingine, na hutakuwa unapulizia tina kwenye nguo zenu.

Tazama kwanza mlango unakaa juu ya nini. Mingi ya enzi hizo inatembea kwa magurudumu ya chini, na juu inaongozwa tu. Kuna skrubu ya kurekebishia karibu na kila gurudumu. Ilegeze ili gurudumu lipande, inua mlango mpaka uingie zaidi kwenye reli ya juu, vuta sehemu ya chini ije kwako, kisha uteremshe. Anza na mlango wa mbele. Vaa viatu vilivyofunika vidole na glovu zinazoshika. Mlango ubebwe ukiwa umesimama, haulazwi hewani kama meza, kwa sababu kioo kinachoning'inia kwa uzito wake huvunjika katikati. Ukiulaza kwa ajili ya kupaka, uwe juu ya uso uliosawazishwa, wenye blanketi, mlango wote ukiwa umekalia uso huo.

Milango ikibaki pale pale, tumia brashi na rola ndogo ya sifongo, na rangi ya enameli ya maji. Kopo la kupuliza chumbani sikushauri. Ukungu wake hutua mahali ambapo hukudhani, hewa huwa nzito, na rangi nyingi za kopo hushika moto kirahisi.

Milango ikiwa nje kwenye kivuli bila upepo, kopo la kupuliza linatoa uso laini kuliko brashi yoyote. Funika kioo chote kwa karatasi, si tepu ya ukingoni tu. Tikisa kopo dakika mbili nzima baada ya kusikia gololi yake ya ndani ikicheza. Shika umbali wa sentimita 25 hadi 30, anza kupuliza kabla hujafika kwenye fremu na acha baada ya kuipita, kila pito likifunika nusu ya lililotangulia. Mkono wa kwanza wa rangi, yaani tabaka la kwanza, uwe mwembamba kiasi cha kukuudhi, unaona praima bado. Mikono mitatu myembamba huzidi mmoja mnene, kwenye fremu nyembamba hasa, ambako michirizi hutengenezeka kwenye kona kabla hujajua. Makopo mengi huandikwa urudie ndani ya saa moja, au usubiri siku nzima au mbili. Maagizo hayo si ya urembo. Ukirudia katikati ya muda huo, mkono mpya unalainisha wa chini uliokauka nusu, na rangi inakunjamana kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Siku yenye unyevu mwingi iache ipite. Rangi hubadilika ikawa na ukungu mweupe.

Karatasi na tepu vua mkono wa mwisho ukiwa bado haujakauka kabisa, ukikunja tepu nyuma juu yake yenyewe. Ule ukanda mwembamba wa rangi uliobaki kwenye kioo usiuguse leo. Wembe ni kesho.

Rangi ikikauka kidoleni bado haijawa ngumu. Enameli huchukua wiki moja hadi mwezi kufikia ugumu wake, kutegemea aina na hali ya hewa. Nahisi mlango wako wa mwaka jana ulianza kutumika jioni ile ile. Safari hii urudishe baada ya siku tatu hivi, ushike kwa upole, na kwa wiki tatu za mwanzo usiufute kwa kitu chochote zaidi ya kitambaa chenye unyevu. Kabla ya kuurudisha, pitisha mkono upande ambao milango hupishana. Kuna utepe wa manyoya au vipande vya plastiki vinavyozuia fremu zisikwaruzane. Kama vimelala au vimetoka, badilisha, la sivyo utachora mstari mrefu siku ya kwanza. Mafundi wanaotengeneza madirisha ya alumini huwa navyo. Ukimaliza, rekebisha skrubu za magurudumu mpaka mlango usimame wima na usisugue reli.

Na reli ya chini, niseme wazi: usiipake. Uso unaotembelewa na magurudumu hautashika rangi yoyote, maganda yake yatakwama kwenye magurudumu na mlango utaanza kukwama. Hata pembe zake za mbele hukanyagwa, hugongwa na ufagio, zikachubuka mwezi wa pili. Isafishe kwa brashi ya meno na sabuni. Kama dhahabu yake itakukera pembeni ya fremu mpya, nunua reli mpya ya chini iliyo na rangi tayari, ipime umbo lake kwanza kwa kwenda dukani na gurudumu lako moja, maana mifereji yake haifanani. Reli ya juu ni tofauti: lile bapa la mbele linaloificha linapakika vizuri kabisa, uso wa mbele na ukingo wa chini, kwa utaratibu uleule wa fremu. Ndani yake usipeleke brashi.

Kipande cha majaribio kipake wiki hii, nyuma ya mlango ulioharibika, chini karibu na gurudumu. Wembe na tepu vikikupa jibu usilolielewa, niandikie umeona nini chini ya tepu: dhahabu, praima, au rangi. Kila kimoja kina dawa yake tofauti.